Meza Iliyomfuata Mgonjwa: Maisha ya Mama Felicitas Wambeti Mwiti (1950–2023)

Mama Felicitas Wambeti Mwiti, ambaye jamaa, majirani na waumini wamefika hapa Githongo leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Kevote, Embu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Njue na marehemu Mama Wanjugu, wakulima wa kahawa na maharagwe. Dada yake, Marcella, anasimulia kwamba Wambeti akitumwa kwa jirani kuomba moto, alirudi na moto na habari pia: ng'ombe wa fulani hajala, nyanya fulani analalia upande mmoja tangu asubuhi. Hakuwa mmbea. Macho yake tu hayakupita kitu.

Alianza shule ya msingi ya misheni hapo Kevote mwaka 1959 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1965. Akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, kisha Januari 1968 akajiunga na chuo cha wauguzi cha misheni huko Meru. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mto Thuci, unaotenga Embu na Meru. Alidhani Kimeru na Kiembu ni kitu kimoja, na wiki ya kwanza alimpelekea mgonjwa beseni la kunawa alipoombwa uji. Mgonjwa yule alinawa kwa adabu, akamrudishia beseni, akaomba tena. Mama alipenda kusimulia kisa hicho hadi uzeeni, na kila mara alicheka kabla ya kukimaliza.

Alihitimu mwaka 1971 na kuajiriwa katika hospitali moja upande wa Embu, kwenye wodi ya wanaume. Hapo ndipo alipopata funzo ambalo hakulipata chuoni. Asubuhi moja mwaka 1973 lori lilipinduka barabarani, wakaletwa majeruhi wawili kwa pamoja. Mmoja alikuwa mfanyabiashara aliyevunjika mguu, naye alipiga mayowe hadi watu wa nje wakaja kuchungulia. Wa pili alikuwa mkulima aitwaye Gitari. Alikaa kwenye benchi, mkono tumboni, kofia mapajani.

"Mhudumie huyo kwanza, sista," Gitari alimwambia. "Mimi naweza kungoja."

Akamwamini. Alimshughulikia mwenye mguu, akamfunga, akamtuliza. Aliporudi kwenye benchi Gitari alikuwa ameegemea ukuta, ngozi baridi, na haikuchukua muda akafariki. Alikuwa akivuja damu ndani kwa ndani. Hakuna aliyemlaumu Mama Wambeti, na daktari alisema huenda hata yeye asingefanikiwa kumwokoa. Maneno hayo hayakumfariji sana. Tangu siku hiyo, akiingia zamu hakugusa kazi yoyote kabla ya kuzunguka wodi nzima mikono mitupu, akitazama kila mtu anavyopumua, rangi ya midomo yake, na kama macho yake yanafuata anayepita. Wanafunzi aliowafundisha baadaye walilijua neno lake: "Anayepiga kelele bado ana pumzi. Anza na aliyenyamaza."

Mwaka 1974 alihamia hospitali ya misheni ya Mtakatifu Monika, kwenye barabara ya kwenda Timau. Mwaka huohuo alilazwa pale Mzee Kathuri wa Githongo, aliyekuwa amepasuliwa tumbo. Mwanawe Ishmael Mwiti, karani wa kiwanda cha kahawa, alikuja kumwona kila jioni akitoka kazini, na hakupendezwa na alichokiona.

"Sista," alimwambia siku moja, "umempita baba yangu mara mbili bila hata kumwuliza hali. Kwani yeye si mgonjwa?"

"Baba yako amewashinda wote humu kwa kupona," Mama alimjibu bila kusimama. "Siku utakayoona nimesimama kwake sana, hapo ndipo ushtuke."

Mzee Kathuri alicheka hadi akashika mshono. "Mwiti," alisema, "huyu ndiye wa kuoa. Hatakudanganya."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975, katika kanisa la Methodisti hapa Githongo. Yeye alikuwa Mkatoliki, mumewe Mmethodisti, na wazee wa pande zote mbili walikuwa na la kusema. Wenyewe walikubaliana kwamba kila mmoja asali anakojua, na watoto wasali kote kuwili. Ndiyo maana leo familia ina mchungaji na ina padre, na wote wawili wamesomewa programu mapema wasije wakagongana. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kathuri, aliyepewa jina la babu yake, Makandi, aliyepewa la nyanya yake wa hapa, na Wanjugu, aliyebeba jina la nyanya yake wa Embu.

Mwaka 1984 Mama Wambeti alikabidhiwa usimamizi wa wodi ya wanawake. Ilikuwa wodi ndefu, vitanda pande mbili, meza ya wauguzi karibu na mlango na madirisha makubwa mwisho kabisa. Kila zamu ilikuwa na wauguzi wawili, na wodi nzima ilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Mtu hawezi kuwa kila mahali, kwa hiyo alivipanga vitanda upya. Waliozidiwa aliwaweka karibu na meza, ambako muuguzi akiinua macho anawaona. Waliokuwa wakipata nafuu aliwasogeza dirishani wapate jua. Kila asubuhi baada ya mzunguko wake aliwabadilisha, huyu mbele, yule nyuma, kufuatana na hali waliyoamka nayo. Vifo vya ghafla, vile vya mtu kukutwa ameshapoa, vilipungua, na daktari alilisema jambo hilo mbele ya wafanyakazi wote.

Lakini watu nao walikuwa na macho. Waliona kwamba anayehamishiwa karibu na meza mara nyingi hatoki akitembea. Yeye alimweka mtu pale kwa sababu amezidiwa; wao walisema mtu amezidiwa kwa sababu amewekwa pale. Kitanda cha kwanza kikapewa jina, kitanda cha safari. Wagonjwa wakaanza kuficha. Mmoja aliziba kikohozi kwa shuka kila sista alipopita. Mwingine alimpa jirani yake uji, halafu akasema ameumaliza mwenyewe. Mama Wambeti akawa anapita katikati ya wagonjwa wanaotabasamu, asijue ni nani anayemdanganya. Alimwambia mumewe nyumbani kwamba mpango wake mwenyewe umeanza kumfunga macho.

Julai 1988, kule Timau baridi ikiuma hadi mifupa, aliletwa mwanamke kijana aitwaye Ntinyari, kibarua wa mashamba ya mboga. Alikuwa na nimonia, lakini aliingia kwa miguu yake na kujibu maswali vizuri, akapewa kitanda cha dirishani. Mama yake, Kiende, alikaa naye, na usiku huo wagonjwa wa jirani wakamsimulia habari za kitanda cha safari. Siku iliyofuata Mama Wambeti alifika miguuni pa kitanda kile katika mzunguko wake wa asubuhi, na hakusogea. Ntinyari alimtabasamia. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na mabega yalipanda kila alipovuta pumzi.

"Tutamsogeza karibu na meza," Mama alisema.

Kiende aliinuka kutoka kwenye kiti akaketi juu ya kitanda, akashika chuma cha kichwani kwa mikono miwili. "Hapana, sista. Kutoka hapa haendi pale."

"Mama, mtoto wako anapumua kwa shida. Pale nitamwona kila nikiinua macho."

"Pale umewaona wangapi?" Kiende aliuliza. "Na wako wapi?"

Mama Wambeti aliwajua wote kwa majina. Angeweza kuwaita watu wamwondoe yule mama kwa nguvu. Kanuni ilikuwa upande wake, na muda ulikuwa unayoyoma. Alieleza baadaye kwamba hofu aliyoiona machoni pa Kiende haikuwa ya kijinga, kwa sababu Kiende alikuwa amehesabu kama yeye mwenyewe alivyokuwa akihesabu, ila alianzia upande mwingine.

"Sasa wewe unataka nini?" alimwuliza.

"Abaki hapa. Watu wa hapa wanaenda kwao."

Mama Wambeti aligeuka akaangalia urefu wa wodi hadi mlangoni, ambako vitanda vya karibu na meza vilikuwa vitupu asubuhi hiyo. Kisha akamwita Thuranira, mzee aliyekuwa akipiga deki.

"Thuranira, wacha ndoo. Njoo ushike upande mmoja wa meza."

"Tunaipeleka wapi, sista?"

"Kwa mgonjwa. Kama yeye haji kwa meza, meza itaenda kwake."

Ilikuwa meza ya mbao nzito, yenye droo zilizojaa vitu. Waliibeba hatua chache, wakaitua, wakaibeba tena, miguu yake ikikwaruza sakafu. Muuguzi mwenzake alifuata akiviringisha mtungi wa oksijeni, na toroli ya dawa ikaja nyuma. Wagonjwa waliketi kitandani kutazama. Nyanya mmoja aliuliza, "Ni kuhama mnahama?" na Mama akamjibu, "Ndiyo, cucu, tunahama."

Waliitua ubavuni mwa Ntinyari. Akawekewa oksijeni, akaegemezwa mito mgongoni, daktari akaitwa, dawa ikabadilishwa. Wagonjwa wengine wawili ambao hali zao zilitia wasiwasi, na ambao siku zote walikataa kwenda mbele, walikubali kuhamia vitanda vya jirani, kwa sababu huko ni dirishani na hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya dirisha.

Kabla ya chakula cha mchana metroni, mkuu wa wauguzi wote, aliingia, akasimama pale meza ilipozoea kuwa.

"Meza ya wodi inafanya nini kule?"

"Inaangalia mgonjwa, metroni."

"Mgeni akiingia mlangoni atamkuta nani? Irudishwe."

"Nitairudisha Ntinyari akianza kula," Mama alisema. Aliitwa ofisini jioni hiyo na akakaripiwa vya kutosha. Aliporudi alipita mlangoni, akaketi pale dirishani, akaendelea na kazi.

Ntinyari hakupona kwa haraka. Kulikuwa na wakati padre aliitwa, na Kiende alimtazama Mama Wambeti kwa macho ambayo yangemvunja mtu mwingine. Mama alihesabu pumzi, akageuza mgonjwa, akahesabu tena. Kiende naye, kwa kukaa pale, akaanza kuhesabu kimyakimya, midomo ikicheza. Homa ikashuka. Asubuhi moja Ntinyari aliomba viazi, tena vya Timau, si vile vya hospitali. Mama yake alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa, kisha akamgusa Mama Wambeti begani.

"Sista, sasa peleka meza yako. Kuna yule mama wa kona. Jana alikuwa anaongea. Leo ananyamaza."

Meza ikaenda kona. Yule mama hakupona. Moyo wake ulikuwa umechoka sana, akafariki Jumapili. Lakini alifariki akiwa ameshikwa mkono, na watu wa kwake walikuwa wameitwa wakafika kwa wakati. Baada ya hapo meza haikukaa mahali pamoja tena. Kitanda cha safari kilipoteza jina lake polepole, kwa sababu hakuna kitanda ambacho meza haikukifikia, na watu walitoka salama kando yake na wengine hawakutoka, kama ilivyo hospitali. Wagonjwa waliacha kuficha vikohozi. Mwaka uliofuata seremala wa hospitali aliifunga meza ile magurudumu. Aliyemtuma ni metroni.

Mama Wambeti aliisimamia wodi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2005. Wauguzi aliowalea wako Meru, Embu, Chuka na Isiolo, na baadhi yao wamekaa pale nyuma leo wakiwa wametoka zamu moja kwa moja. Wanakumbuka kwamba alikuwa mkali kwa mtu anayetandika shuka vizuri huku mgonjwa aliye juu yake akikosa hewa. Wanakumbuka pia kwamba hakumkemea mtu mbele ya mgonjwa, na kwamba chai yake aliinywa ikiwa imepoa, akiwa amesimama.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi vilevile. Mumewe, Mzee Ishmael, aliugua kisukari na kufariki tarehe 19 Agosti 2011, na Mama alimuuguza hadi mwisho. Katika siku za matanga, akina mama wakiwa jikoni wanamenya ndizi, binti yake mdogo Wanjugu alisema jambo ambalo hakuwa amekusudia lisikike.

"Kwetu ilibidi uugue ndipo Mama akuone. Kathuri alikuwa na pumu. Makandi alikuwa na malaria kila mvua. Mimi nilikuwa mzima tu."

Mama alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Hakujitetea, na hakuomba wengine wamwondolee lawama. Aliitua sufuria, akaketi karibu na Wanjugu, akachukua kisu na kuanza kumenya. Watu wa familia waliokuwepo wanasema walimenya bega kwa bega mpaka ndizi zikaisha.

Mwezi uliofuata alifunga safari kwenda Embu, mtaa wa Dallas, ambako Wanjugu anaishi na kufanya kazi ya ofisi mjini. Wanjugu alifungua mlango akashtuka, akadhani kuna msiba mwingine.

"Mama, kuna nini? Mimi si mgonjwa."

"Najua," Mama alisema. "Ndiyo sababu nimekuja."

Mwanzoni ilikuwa vigumu kwake. Hakujua kukaa na mtu mzima asiye na shida. Alimshika Wanjugu mkono akajikuta anapima mapigo, Wanjugu akauvuta mkono, wakacheka wote wawili. Walijifunza. Alienda Dallas kila mwezi kwa miaka mingi, akikaa siku tatu au nne, wakienda sokoni pamoja, wakitazama taarifa ya habari, wakibishana kuhusu chumvi. Kathuri na Makandi walianza kulalamika kwamba sasa wao ndio wamesahaulika. Alifurahi sana kusikia hivyo, akawaambia wangoje foleni.

Mwaka 2019 miguu yake ilianza kuvimba na akawa hawezi kulala bila mito mingi. Madaktari walisema ni moyo. Yeye alikuwa ameshajua. Alitumia dawa zake kwa utaratibu, na kwa muda alipata nafuu. Februari 2023 alilazwa, na Kathuri akataka apelekwe Nairobi.

"Kathuri," alimwambia, "mimi nimeangalia watu maisha yangu yote. Najua mtu anayeweza kurudi, na najua mimi niko wapi. Nipeleke Githongo."

Kathuri alikataa. Alienda nje akasimama kwenye ua wa hospitali muda mrefu, na Makandi akaenda kusimama naye. Waliporudi walimwuliza daktari maswali waliyoyaogopa, na daktari hakuwaficha. Wakamleta nyumbani. Miezi yake ya mwisho alikaa kwenye kochi la sebuleni mlango ukiwa wazi, apate kuona kahawa na watu wanaopita. Mkwe wake Karwirwa, mke wa Kathuri, alimtunza kwa mikono yake, na familia inamshukuru mbele ya wote.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 8 Juni 2023 Wanjugu alikuwa amekuja kwa likizo. Mama alikunywa uji nusu kikombe. Kisha akamwomba mwanawe aache vyombo aje aketi. Wanjugu akamwuliza anaumwa wapi. Mama akasema haumwi, anataka tu kusikia habari za Embu. Wanjugu akaanza na jirani wa Dallas aliyefuga kuku kwenye roshani, na jinsi jogoo alivyoanguka kwenye nguo za watu. Mama alicheka. Wanjugu aliendelea na kisa, na alipofika mwisho wake Mama alikuwa amekwisha kwenda, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Mama Felicitas Wambeti ametanguliwa na mumewe, Ishmael Mwiti, na wazazi wake. Ameacha watoto watatu: Kathuri, mwalimu huko Timau, na mkewe Karwirwa, Makandi na mumewe Munyi, na Wanjugu wa Embu. Ameacha wajukuu saba na kitukuu mmoja, dada yake Marcella wa Kevote, ndugu wengine wa ukoo wa Mzee Njue, mashemeji na mawifi wa hapa Githongo, na wauguzi wengi waliomwita mama bila kuzaliwa naye.

Mungu aliyempa uhai ampokee. Na alale kwa amani katika udongo huu, ubavuni mwa Ishmael.